Jinsi ya kuchunguza taasisi: achana na chati ya ukutani, fuata faili

Ukiingia ofisi yoyote yenye watu wengi kidogo utaikuta ile chati, visanduku na mistari, juu kabisa kisanduku kimoja kimekaa peke yake na huku chini vimebanana, na mtu akipewa kazi ya kuchunguza muundo wa taasisi kitu cha kwanza anatoa simu anaipiga picha, anaona kashamaliza nusu. Siwacheki, mi mwenyewe nilianza hivo hivo. Shida ni kwamba ile chati inakuonyesha nani ana haki ya kumfokea nani, basi. Haikuonyeshi kazi inapita wapi, inakwama kwa nani, nani anaulizwa kimya kimya kabla bosi hajasaini, na kwanini kuna kitengo kina jina refu kuliko vyote lakini hakuna anayekipigia simu. Kwa hiyo hapa naandika namna ya kufanya hii kazi kwa mtu ambaye hana pesa za utafiti wala wasaidizi, iwe ni mwanafunzi au ni mfanyakazi tu ambaye amechoka kushangaa mambo ya kazini kwake na anataka kuyaelewa.

Fani yenyewe inaitwa sosholojia ya taasisi, na ukiivua maneno makubwa inauliza vitu vitatu: watu wengi wasiojuana wanawezaje kufanya kazi moja bila kuanza upya kila asubuhi, ule mpangilio unawafanya nini wale watu, alafu ukitoka nje ya geti unaifanya nini jamii. Anayetajwa kwanza siku zote ni Max Weber, Mjerumani aliyefariki 1920. Alieleza kwamba utawala wa kisasa unasimama juu ya vitu ambavyo saivi tumevizoea mpaka hatuvioni: kila cheo kina mipaka yake, wa chini anasimamiwa na wa juu, maamuzi yanaandikwa na kutunzwa kwenye mafaili, mtu anaajiriwa kwa kuwa kasomea kazi sio kwa kuwa mtoto wa fulani, analipwa mshahara, na ofisi sio mali yake, akiondoka anaacha kiti na mhuri. Utawala wa namna hiyo ndio aliuita urasimu, na hapa kuna mtego wa lugha. Kwetu ukisema urasimu mtu anasikia "njoo kesho", wakati neno lenyewe ni ndugu wa "rasmi", na Weber hakuwa anatukana, alikuwa anaeleza aina ya utawala ambayo aliona inazishinda zingine kwa usahihi na kasi, huku akiogopa kwamba siku moja watu watajikuta wamefungiwa ndani yake. Ukienda uwanjani na wazo kwamba urasimu ni ubovu utarudi na orodha ya ubovu. Kabla hujailalamikia fomu jiulize ingekuwaje isingekuwepo, na haki yako ikategemea karani ameamkaje leo.

Kuingia

Usichague taasisi nzima. Hospitali nzima ni bahari, utazama. Chukua kipande kinachoshikika, kwa mfano jinsi ombi la likizo linavopita, au jinsi mgonjwa anavotoka mapokezi mpaka anapewa kitanda, au jinsi mtu mpya anavoajiriwa kuanzia tangazo mpaka siku ya kwanza kazini. Kipande kimoja ukikifuata sawasawa kitakupeleka kwenye vitengo ambavyo hata hukujua vipo.

Ruhusa utaiomba juu, hilo halina mjadala, lakini usiingie ukiwa umeshikwa mkono na bosi. Mi nilifanya hilo kosa. Mkurugenzi wa sehemu moja alinipenda sana, akanizungusha vyumba vyote mwenyewe, "huyu ni mgeni wetu mpeni ushirikiano", na kwa wiki mbili watu walikuwa wananisalimia kwa heshima ya kutisha na nikikaribia tu stori zinakatika. Walishaamua kwamba mi ni macho ya bosi. Nilichokuja kufanya baadaye, na ndio ningeanza nacho, ni kupita meza moja moja nikiwa peke yangu, najitambulisha, nasema naandika nini na nini sitaandika, na kwamba mtu akisema hataki nitamruka bila kumuuliza sababu. Wawili walikataa. Mmoja wao baada ya mwezi alinifuata mwenyewe tukaongea saa nzima.

Kama we ni mwenyeji pale, yaani unachunguza kazini kwako, una faida na hasara. Faida ni ile ya kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, we unakilalia. Hasara ni kwamba umeshazoea kuumwa, huoni tena. Dawa yake ni mfanyakazi mpya. Mtafute aliyeanza juzi, muulize nini kimemshangaza, na umuulize haraka maana ndani ya mwezi mmoja na yeye atakuwa kashaanza kusema "ndio utaratibu".

Fuata kitu, usifuate watu

Hii ndio sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Chagua karatasi moja, au ombi moja kwenye mfumo wa kompyuta, na uifuate kutoka mkono hadi mkono mpaka mwisho wake. Kila inapotua andika vitu vitatu: saa iliyofika, nani kaigusa na kafanya nini, na saa iliyoondoka. Mi niliifuata fomu moja ya kuomba vifaa, ikachukua siku kumi na moja, ikapita meza tisa, na nilipojumlisha muda ambao kuna mtu alikuwa anaisoma au kuiandika kweli haikufika dakika ishirini. Muda wote uliobaki wa zile siku kumi na moja fomu ilikuwa imelala. Sasa mtu mwenye haraka atasema wavivu hao, na hapo ndio utafiti unakufa. Ukiuliza imelala wapi na inasubiri nini unakuta kitu kingine: meza mbili zilikuwa zinakusanya fomu mpaka zifike kumi ndio wazipeleke pamoja, kwasababu yule wa juu aliwahi kulalamika kwamba anasumbuliwa na fomu moja moja. Hiyo sheria haikuandikwa popote. Na yule mkubwa aliyelalamika alishahama miaka miwili nyuma.

Ndio maana nasema pengo kati ya karatasi na matendo lisikukasirishe, hilo ndilo somo lenyewe. Alvin Gouldner, Mmarekani aliyechunguza mgodi na kiwanda cha jasi na kuchapisha matokeo 1954, aliona kwamba sheria za kazini haziko sawa zote. Kuna sheria za geresha, ambazo hakuna anayezifuata, sio mabosi wala wafanyakazi, kama ile marufuku ya kuvuta sigara pale kiwandani ambayo ilikuwa inakumbukwa siku wakaguzi wanapokuja. Kuna sheria ambazo pande zote mbili zinaziamini, pale zilikuwa za usalama. Na kuna sheria za adhabu, ambazo upande mmoja unazitumia kuubana mwingine. We ukishapata kitabu cha kanuni za taasisi yako kaa nacho, pitia kanuni moja moja na uulize hii ni ya aina gani, nani ataumia ikifuatwa na nani ataumia isipofuatwa. Na usisahau kwamba inaweza kuhama aina. Sheria ya geresha inaweza kulala miaka, siku bosi akitafuta sababu ya kumfukuza mtu inaamka ikiwa na meno yote, na kwenye kile kiwanda cha Gouldner ndivo mambo yalivoharibika, alikuja meneja mpya akaanza kufuata kanuni ambazo wa zamani alikuwa anazifumbia macho, watu wakaona wamenyang'anywa haki wakati kwenye karatasi hakuna kilichobadilika.

Nani asipokuja leo kazi inalala?

Hilo ni swali moja tu lakini linakupa zaidi ya mahojiano kumi. Uliza kila kitengo, sikiliza jina gani linarudi rudi. Mara nyingi sio la mkubwa.

Michel Crozier wa Ufaransa alilionyesha hili vizuri kwenye viwanda vya tumbaku vya serikali ya kwao, alichapisha 1963. Viwanda vile kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa kanuni, mshahara, kupanda cheo, nani akae wapi, hakuna wa kumuonea mwenzake, isipokuwa kitu kimoja ambacho hakikupangika, mashine kuharibika. Na waliojua kuzitengeneza ni mafundi peke yao, ambao walihakikisha maelezo ya matengenezo hayabaki kwenye maandishi. Kwa hiyo kwenye chati mafundi wako mahali pao pa kawaida, ila wasimamizi hawana la kuwafanya na waendesha mashine wanawanyenyekea. Fundisho lake ni kwamba nguvu inakaa pale penye kitu kisichotabirika, kwa yule anayeweza kukitatua. Leo mashine inaweza kuwa mfumo wa kompyuta, na fundi akawa yule kijana mmoja anayejua nywila na anayejua kwanini ripoti ya mwisho wa mwezi huwa inagoma. Ukimkuta mtu anayekataa kuandika mwongozo wa kazi yake kila mwaka kwa sababu mpya, usimwite mbinafsi haraka, angalia angebaki na nini kama angeuandika.

Kaa na wanaofanya

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 Frederick Taylor alipita viwandani Marekani na saa ya kupimia, anapima kila mwendo wa mkono, na 1911 akaandika nadharia yake kwamba kufikiri kuhamishiwe ofisini na mfanyakazi afuate maelekezo. Aliamini kuna njia moja bora ya kufanya kila kazi. Ukitaka kujua kwanini ajira nyingi leo zina dakika zilizohesabiwa na "skripti" ya kusoma kwenye simu, mzizi mmoja uko hapo.

Lakini kilichonifanya mi niipende hii fani ni jibu la wafanyakazi. Kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago kati ya 1924 na 1932 walifanya majaribio mengi, na watu wanalijua lile la taa, la kuongeza na kupunguza mwanga. Mi napenda zaidi chumba cha mwisho, ambapo wanaume 14 walikuwa wanaunganisha nyaya za mitambo ya simu huku mtafiti amekaa pembeni anaangalia tu. Walikuwa wanalipwa kwa kikundi, ukizalisha zaidi wote mnapata zaidi, kwa hesabu za ofisini walitakiwa wakimbie. Hawakukimbia. Walikuwa na kiwango chao cha siku, kinajulikana, hakijaandikwa, na anayezidisha anatukanwa na kupigwa ngumi ya begani, anayezembea sana naye anasemwa, na anayepeleka maneno kwa msimamizi huyo ndio kabisa. Waliamini wakizidisha, kiwango kitapandishwa au wenzao watapunguzwa. Ukizingatia kwamba ilikuwa 1931 na 1932, katikati ya mdororo wa uchumi, na kile chumba kilifungwa kwasababu kazi zenyewe ziliisha, siwezi kusema walikuwa wajinga.

Na tahadhari hapo hapo, hizo hadithi za Hawthorne zinasimuliwa sana kama vile ukimjali mfanyakazi tu anazalisha zaidi. Kwenye chumba kingine, kile cha wanawake watano ambacho ndio kinatolewa mfano wa furaha kazini, wawili waliondolewa katikati ya jaribio kwasababu walionekana wasumbufu na waongeaji, wakaletwa wengine. Hilo huwa halisimuliwi. Kwa hiyo ukisoma utafiti wowote wa taasisi angalia nani alitolewa kabla matokeo hayajaandikwa.

Sasa we utaonaje kiwango cha kimya mahali ulipo? Angalia dakika za mwisho wa zamu. Watu wakianza kupunguza mwendo pamoja, au kuna mtu anaficha kazi iliyokamilika aitoe kesho, umekiona. Sikiliza majina ya utani pia, kikundi hakimpi mtu jina baya bila sababu, na ukiuliza "kwanini anaitwa hivo" utasimuliwa sheria nzima. Ila hii haiji kwa kutembelea siku mbili. Donald Roy alifanya kazi mwenyewe kwenye karakana ya vyuma mwaka 1944 na 1945, akahesabu mapato yake siku kwa siku, ndio akaweza kuonyesha lini watu wanajizuia na lini wanakazana. Miaka thelathini baadaye Michael Burawoy akaajiriwa kiwandani eneo la Chicago, kusoma soma akagundua ni kiwanda kile kile cha Roy! Bahati ya namna hiyo hutaipata, lakini alichobadilisha ni swali. Roy aliuliza kwanini hawafanyi zaidi, Burawoy akauliza kwanini wanafanya kazi kwa bidii kiasi kile, na jibu lake lilikuwa kwamba wameigeuza kazi kuwa mchezo, kukimbizana na kiwango, na ukishaingia kwenye mchezo huulizi tena nani aliweka sheria zake. Eneo moja, maswali mawili kinyume, majibu mawili yote ya kweli. Jaribu kuligeuza swali lako hivo angalau mara moja kabla hujaandika.

Namba

Taasisi yoyote ina vitu inavyohesabu na inabadilika kufuata inachohesabu. Peter Blau, 1955, alichunguza ofisi ya serikali ya kuwatafutia watu ajira, ambapo kila afisa alianza kupimwa kwa idadi ya watu aliowapatia kazi. Matokeo yake baadhi ya maafisa wakawa wanaficha kadi za nafasi za kazi wenzao wasizione, ili wao ndio wapate namba. Kazi ya ofisi ni kuunganisha watu na ajira, na kipimo cha hiyo kazi kikaanza kuizuia. Hakuna mtu mbaya pale. Ukifika mahali uliza "mnapimwaje", alafu uliza "ukitaka namba ionekane nzuri bila kazi kuwa nzuri unafanyaje", na uulize kwa kucheka kidogo. Watu wote wanajua jibu la hilo swali.

Kuuliza maswali

Wengi wanaharibu hapa. Ukimuuliza mtu "unafanya kazi gani" atakusomea mkataba wake. Ukimuuliza "kwanini" anajitetea. Muulize jana. Jana ulifika saa ngapi, ulianza na nini, nani alikukatiza, ulimaliza kipi, kipi kimebaki, ulimpigia nani. Jana haina nadharia. Henry Mintzberg badala ya kuwauliza wakurugenzi wanafanya nini alikaa na watano, kila mmoja wiki moja, matokeo yakatoka 1973: nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika tisa. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaandika kwamba meneja anapanga, anaratibu, anadhibiti, kumbe mtu anakatizwa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wenyewe ukiwauliza wangekwambia wanapanga, na wala wasingekuwa wanadanganya.

Dodoso mi silipendi kwa mwanzo. Lina mahali pake, ukishajua nini cha kuhesabu. Ukianza nalo unawauliza watu maswali yaliyotoka kichwani kwako.

Vikao hudhuria kila unaporuhusiwa, na andika sio tu kilichosemwa bali nani alianza, nani alikatizwa, hoja ya nani ilipita pale iliporudiwa na mwingine mwenye cheo, na nani alikuwa anaandika kumbukumbu. Anayeandika kumbukumbu ndiye anayeamua nini kilitokea. Na omba kumbukumbu za zamani, zisome kwa mpangilio wa tarehe kama hadithi. Diane Vaughan alifanya hivo na nyaraka za chombo cha anga cha Challenger, kile kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986 sekunde 73 baada ya kuruka na kuua watu saba. Maelezo ya mwanzo yalikuwa kwamba mameneja walijua hatari wakavunja sheria sababu ya presha ya ratiba. Yeye akasoma miaka yote ya nyuma akaona kitu kinachotisha zaidi, kwamba dosari kwenye vipete vya mpira vilivyokuwa vinaziba maungio ya roketi zake ilionekana mapema, ikajadiliwa, ikapimwa, ikakubalika, safari iliyofuata ikazidi kidogo, ikakubalika tena, kila hatua kwa kufuata utaratibu, mpaka kisicho cha kawaida kikawa cha kawaida. Wahandisi walipopinga usiku wa kuamkia siku ile hawakuwa na takwimu za kutosha kuuridhisha ule utaratibu. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu unazosoma tafuta maneno kama "kama tulivyokubaliana awali", na urudi nyuma uone hiyo awali ilikuwaje.

Kutoka nje ya geti

Hapa ndio watu wanaokimbilia chati huwa hawafiki kabisa.

Anza na kufanana. Kwanini shule, hospitali na makampuni yasiyohusiana yote yana dira, dhamira, mpango mkakati na kitengo chenye jina lile lile? John Meyer na Brian Rowan waliandika 1977 kwamba vitu vingi vya hivyo vinawekwa ili taasisi ionekane halali machoni pa watu, sio kwasababu vinaongeza ufanisi, na mara nyingi vinawekwa mbali na kazi yenyewe ili visiisumbue. Mwaka 1983 Paul DiMaggio na Walter Powell wakaongeza njia tatu za kufanana: kulazimishwa, na sheria au mfadhili, kuigana, hasa pale hakuna mwenye uhakika, na wataalamu kusoma vyuo vya aina moja na kubeba majibu yale yale kila wanapoajiriwa. Ukikuta kitu cha ajabu kazini kwako uliza kililetwa na nani mwaka gani, na taasisi jirani walikuwa nacho tayari? Nusu ya "mikakati" utaona imenakiliwa mpaka makosa ya herufi.

Alafu angalia nani anaajiriwa na nani anapanda. Rosabeth Moss Kanter, 1977, alionyesha kwamba mabosi wanachagua wanaofanana nao kwasababu kazi ya juu haipimiki kirahisi, wanataka mtu wanayeona wanamuelewa, na kwamba mwanamke aliye peke yake kati ya wanaume wengi anaangaliwa kila anachofanya kama mfano wa wanawake wote. Kitu kilichokuwa kinaitwa tabia ya mtu kikageuka kuwa hesabu ya watu wangapi wako chumbani. Ila mfano unaoniuma zaidi ni wa Burawoy huyo huyo kabla hajaenda Chicago, alipokuwa migodi ya shaba ya Zambia baada ya uhuru. Alichapisha 1972. Vyeo vilikuwa vinakabidhiwa Wazambia, kwenye takwimu inapendeza, lakini mzungu aliyepisha kiti mara nyingi alitengenezewa cheo kipya juu yake na akaondoka na madaraka, kwa hiyo Mzambia akarithi kiti na jina la kiti. Chati mpya, ubaguzi wa zamani ukiwa mzima. Mtu aliyeangalia chati tu angeandika ripoti ya mafanikio.

Na usisahau dirishani. Michael Lipsky aliandika 1980 kuhusu walimu, polisi, maafisa ustawi na wengine wanaokutana na raia uso kwa uso, kwamba kwasababu watu ni wengi na muda ni mdogo wanabuni njia za mkato, na kwa mwananchi ile njia ya mkato ndio sera yenyewe, sio iliyoandikwa makao makuu. Kaa kwenye foleni. Angalia nani anaambiwa "subiri" na nani anaambiwa "pita". Arlie Hochschild naye mwaka 1983, kwa kuwaangalia wahudumu wa ndege, alionyesha kwamba hata tabasamu linaweza kuwa sehemu ya kazi inayosimamiwa, na wanaolibeba zaidi ni wanawake. Saivi kuna mabosi ambao ni programu za simu, zinagawa kazi na kumfungia mtu akaunti kwa nyota alizopewa na mteja, na maswali ni yale yale tu: kanuni ziko wapi, nani anaweza kuzibadili, rufaa inaenda kwa nani. Chati ya huko ni fupi sana, na mara nyingi jibu la swali la tatu ni fomu isiyojibiwa.

Ukitaka mahali pagumu pa kujipima, chunguza chama au kikundi kinachojiita cha kidemokrasia, maana Robert Michels alishasema 1911, akiangalia chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, kwamba anayesema chama anasema utawala wa wachache. Wengine baadaye, Lipset na wenzake mwaka 1956, wakaonyesha chama cha wapiga chapa Marekani ambacho kilikwepa hilo kwa kuwa na makundi mawili ya ndani yanayopokezana uongozi. Kwa hiyo sio lazima. Ila mi kila kikundi nilichojiunga, hesabu ya nani anashika leja na nani anajua nywila imenipa jibu mapema kuliko katiba.

Daftari na kuandika

Andika usiku ule ule. Kesho utakuwa umesahau maneno na kubaki na maana, na maana ni ya kwako. Gawa ukurasa: upande mmoja ulichoona na kusikia neno kwa neno, upande wa pili unachofikiri, usichanganye. Majina halisi weka kwenye karatasi tofauti, mahali tofauti, kwenye daftari tumia majina ya bandia, na kumbuka kwamba kwenye ofisi ndogo "mhasibu mwanamke" ni jina kamili, kila mtu anamjua. Vitu ambavyo vitamfukuzisha mtu kazi usiviandike hata kama ni vitamu, tafuta mfano mwingine unaoonyesha kitu kile kile. Utajua imetosha pale stori zinapoanza kujirudia na unaweza kubashiri fomu ijayo itakwama wapi.

Ukimaliza rasimu usiipeleke kwanza kwa mkurugenzi. Mi ya kwangu niliipeleka kwa karani wa masjala, mama mmoja aliyekaa ile meza miaka kuliko wote, nikamuacha nayo siku mbili. Aliirudisha na kalamu nyekundu sehemu moja tu, pale nilipoandika kwamba fomu inapita meza tisa. Akaniambia mwanangu ni kumi, umemsahau mlinzi wa getini, yule ndio anaamua barua zipi ziingie leo na zipi zikae kwenye droo yake mpaka aliyezileta arudi kuuliza.